Theluji ya Mwalimu Milimita

Katika historia ndefu na tukufu ya utundu wa bweni la tatu, hakuna msichana aliyewahi kuangusha theluji. Wa kwanza alikuwa Kiroboto, na aliiangusha miaka thelathini na mmoja kwa mpigo, huku kipande cha mkate kikiwa bado mdomoni.

Kiroboto halikuwa jina la kwenye cheti. Alilipata kidato cha kwanza kwa sababu mbili: umbo lake dogo, na ukweli kwamba popote alipotua, lazima mtu mmoja ajikune. Ndiye aliyeweka kikaratasi cha RANGI MBICHI kwenye benchi la mkuu wa shule, na kwa wiki mbili wageni waheshimiwa wakapokelewa wima. Ndiye aliyeivisha kengele ya shule soksi tatu, hata asubuhi ile ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Kwa heshima ya kazi hizo, ofisi ilikuwa imemwandikia barua tatu za onyo. Ya tatu iliitwa barua ya mwisho na ilisema wazi: kosa jingine moja, anafunga sanduku, anakaa kwao mpaka siku ya mtihani. Mama yake alikuja kuitia sahihi. Hakusema neno. Kwa mama ambaye akikosa wa kusema naye huwasimulia hata kuku, kimya kile kilimtia Kiroboto baridi kuliko barua yenyewe.

Tangu hapo alikuwa ametulia siku arobaini na moja. Alizihesabu.

Sasa, mwalimu wa jiografia. Aliitwa Mwalimu Milimita, na kila siku saa tatu kamili asubuhi aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama ni katikati ya sentensi, akakata uwanja wa mpira kwenda nyuma ya maabara. Huko kulikuwa na kopo la shaba lililochimbiwa ardhini na kuzungushiwa waya. Aliinama, akatoa chupa ya ndani, akamimina maji kwenye kipimo cha kioo, akakiinua mbele ya jicho kama mtu anayetazama jino la mtoto. Kisha akaandika kwenye daftari. Miaka thelathini na mmoja. Akiugua, alikwenda mkewe. Likizo haikumhusu, maana nyumba yake ilikuwa humo humo shuleni.

"Mwalimu," Kiroboto aliwahi kumuuliza mwezi wa jua kali, "leo hata jasho halijadondoka. Unakwenda kupima nini?"

"Wewe umejuaje kuwa haikunyesha?"

"Si naona!"

"Umeona tangu saa tatu ya jana mpaka saa tatu ya leo, bila kufumba jicho?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mimi nakwenda kutazama. Sifuri nayo ni kipimo, mwanangu. Ukiona sifuri kwenye daftari langu, ujue kuna mtu alitembea mpaka pale akaitafuta mvua, akaikosa."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka huu alikuwa anastaafu. Bahati iliyoje, kidato cha nne kilikuwa na wasichana thelathini na mmoja, kwa hiyo kila mmoja alikabidhiwa daftari la mwaka mmoja ili aliingize kwenye kompyuta, wote katika jedwali moja kubwa. Fundi wa chumba cha kompyuta, kijana mrefu aliyevaa koti jeupe kama daktari wa meno, aliwaeleza kuwa jedwali lile liko kwenye wingu, na kwamba mtu yeyote aliyeruhusiwa anaweza kulifungua akiwa popote. Wasichana waliitikia "ndiyooo" kwa pamoja, kama wanavyoitikia kila kitu, wakaendelea kuandika. Kiroboto aliangukiwa na mwaka wa ukame. Alichapa sifuri nukta sifuri muhula mzima hata akaanza kuziota.

Mwalimu Milimita ndiye hakukubaliana na Fundi. Msichana wa kwanza alianza kuchapa mbele yake kwenye kompyuta namba saba, na tangu dakika ile aliamini kwamba mvua zake zimo ndani ya kompyuta namba saba. Alileta kitambaa cheupe cha kufuma kutoka nyumbani kwake, akaifunika. Akapiga marufuku mtu kuikalia. Umeme ukikatika na kurudi, alipita kuipa pole.

"Mwalimu, haziko humo," Fundi alimwambia mara nyingi. "Ziko kwenye wingu."

"Mawingu nimeyatazama miaka thelathini na mmoja, kijana. Yote yaliyoshika, yalimwaga. Mimi na namba saba tunaelewana."

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mgeni. Saa tisa alasiri alitarajiwa mtafiti kutoka chuo kikuu, kuja kulikagua jedwali. Akiridhika, mvua za lile kopo zingeunganishwa na za vituo vingine vingi, na wanafunzi wa vyuo wangezisoma kama kumbukumbu kamili. Akikuta kasoro, ndiyo basi. Wa kumweleza alikuwa Profesa, rafiki wa Kiroboto na jirani yake wa kitanda, msichana ambaye hata mswaki wake aliuwekea ratiba. Mgeni alikuwa pia mmoja wa wanaochagua vijana wa kusomeshwa na chuo, na Profesa alikuwa hajala vizuri tangu Jumatatu kwa sababu hiyo.

Mapumziko ya saa nne, Profesa alitoka mbio chumba cha kompyuta kwenda kunyoosha kola. Aliacha kompyuta namba tatu wazi, jina lake likiwa juu, jedwali likiwa chini.

Kiroboto aliingia na mkate wake. Siku arobaini na moja ni nyingi. Hakukusudia ubaya, na hili lieleweke na liandikwe: alitaka siku moja tu, ya jana, isomeke "theluji" badala ya sifuri. Mwalimu angepita, angeona, angepangusa miwani, wasichana wangecheka, yeye angerudisha. Mzaha wa dakika mbili, wa kumuaga mzee. Lakini wiki iliyopita walikuwa wamefundishwa njia ya mkato: unaiambia kompyuta tafuta hiki, weka kile. Akaandika 0 kwenye kisanduku cha juu, theluji kwenye cha chini. Palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kubadilisha pale ulipo na kingine cha kubadilisha pote. Akabonyeza pote.

Kompyuta iliwaza kidogo. Kisha ikatii, kama kinavyotii kitu kisicho na akili za kukataa. Kila sifuri, popote ilipojificha, ikawa theluji. Siku kavu zikasomeka "theluji.theluji". Milimita kumi na nusu ikawa "1theluji.5". Mwaka 2009 ukawa "2thelujitheluji9".

Kiroboto alicheka hata makombo ya mkate yakaruka kwenye kioo. Alikuwa bado anacheka kengele ilipolia.

Sasa, chumba kile kilikuwa na sheria yake. Fundi alikuwa amechoka na wasichana wa "dakika moja tu, Fundi", kwa hiyo mlio wa kwanza wa kengele, kabla ya wa pili, alishusha swichi kuu. Pu! Kompyuta zote zilizimika kwa pamoja, na ile nafasi ya kurudisha nyuma ikazimika nazo.

"Nje, nje, nje," Fundi alisema. "Tutaonana saa nane."

Kiroboto alitoka bila wasiwasi. Madaftari si yapo? Kama theluji ingegoma kuyeyuka, wangechapa upya. Alijisifu hata kidogo.

Saa saba, kwenye foleni ya chakula, Profesa alikuwa mbele yake na sahani tupu, midomo ikimchezacheza kwa kurudia hotuba.

"We Profesa, punguza presha," Kiroboto alimwambia. "Hata mambo yakiharibika, madaftari si yapo kabatini?"

"Madaftari yapi?"

"Ya mwalimu, yapi tena!"

"Kwani hujasikia? Mchwa, shoga yangu. Likizo nzima kabati halikufunguliwa. Wiki iliyopita mwalimu kafungua, yamebaki majalada tu. Ndani udongo mtupu. Ukilishika, linamwagika."

"Yote?"

"Yote. Alisimama pale akasema, 'Ahsante Mungu, namba saba ipo.' Mbona umebadilika rangi? Unaumwa?"

"Njaa," Kiroboto alisema, na alipofika kwenye sufuria akapita bila kupakuliwa.

Saa nane kasoro alikuwa mlangoni pa chumba cha kompyuta, akijitolea kubeba viti. Hakuna aliyewahi kumwona akijitolea kubeba kitu, lakini siku ile watu walikuwa na mambo yao. Mpango ulikuwa rahisi: swichi ikipanda tu, awahi namba tatu na arekebishe. Arekebishe vipi, hilo hakulijua.

Hakuwahi. Mwalimu Milimita aliingia pamoja na Fundi, amevaa suti ya kahawia iliyokuwa mpya zamani. Akakiondoa kitambaa juu ya namba saba kwa vidole viwili, akamwita Profesa. "Njoo, mwanangu. Fungua tuzione mvua zetu kabla mgeni hajazikuta zimelala."

Profesa alifungua.

Chumba kilikuwa na feni moja yenye ubawa uliopinda uliogonga kila ulipozunguka. Mwalimu aliinama. Akapangusa miwani, kama ilivyopangwa. Akatazama tena. Hakuna aliyecheka.

"Imeugua," alisema polepole, akaweka kiganja juu ya namba saba kama anapima homa. "Ilikuwa nzima asubuhi."

"Mwalimu..." Fundi alianza.

Mwalimu alikuwa ameshaufikia ubao. Aliokota chaki, na kwa mwandiko wake ule wa kunyooka kama mistari ya daftari, akaanza kuandika kutoka kichwani. Hakuandika siku kavu, nani angezikumbuka siku kavu? Aliandika zile kubwa. Mwezi wa tatu, mwaka wa kwanza, hamsini na mbili. Mwezi wa kumi na moja, arobaini na saba nukta nane. Chaki ilivunjika, akaendelea na kipande. Mwaka 2009, mwezi wa nne, tarehe tisa: sitini na moja nukta nne.

Kiroboto alisoma mstari ule mara mbili.

Mama yake alikuwa na hadithi ya siku aliyomzaa, katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo paa lake linaonekana ukisimama uwanjani. Kwamba alfajiri ile ilinyesha mvua mpaka mkunga akawa anapiga kelele ili asikike chini ya bati, na mtoto alipolia walijua kwa kuona mdomo uko wazi. Kiroboto hakuwahi kuiamini. Mama alikuwa mtu wa kuongeza chumvi. Tarehe tisa, mwezi wa nne.

Sitini na moja nukta nne. Kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili wa barabara aliyekwenda na mwavuli kuipima.

"Nakumbuka kama mia moja," mwalimu alisema, mgongo ukiwatazama. "Labda mia na hamsini. Zilizobaki ni elfu kumi na moja."

"Mwalimu wangu, tulia," Fundi alisema. "Hakuna kilichopotea. Jedwali hili linakumbuka kila lilivyokuwa. Kila mtu aliyeligusa, alichogusa, na saa aliyogusa. Tunalirudisha kama lilivyokuwa jana. Nipe nafasi nikuonyeshe..."

Pu. Mara hii haikuwa kengele. Feni ilizunguka mizunguko mitatu ya uvivu, ikasimama. Umeme umekatika.

Mwalimu Milimita alikaa juu ya dawati dogo la wanafunzi, suti na yote. "Basi," alisema. "Imekufa nazo."

Fundi alimsogelea. Aliingiza mkono mfuko wa koti, akatoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka kona moja na mpira wa kufungia noti umeshika betri. Akabonyeza, akangoja. Akamwekea mwalimu mkononi.

Ndani ya kile kioo kilichopasuka lilikuwamo jedwali zima, na theluji yake yote.

Mwalimu aliitazama simu. Akaitazama namba saba, nyeusi, baridi. Akarudi kwenye simu.

"Imeingiaje humu?"

"Haimo humu. Wala haikuwamo mle. Hizi ni madirisha tu, mwalimu. Jedwali lenyewe liko mbali, kwenye majumba yenye mashine zilizopangwa safu kwa safu, na liko sehemu zaidi ya moja ili jumba moja likipata ajali, jingine linalo. Mimi mwenyewe sijawahi kuyaona majumba hayo."

"Na watu wa huko wanalijua kopo langu?"

"Hawalijui, lakini mvua zake wanazo."

Mwalimu aliigeuza simu, akautazama mgongo wake. Kiroboto alikuwa kinywa wazi. Muhula mzima alikuwa amebonyeza neno lile, wingu, kama mtu anavyopita mlango wa jirani bila kuwaza kuna nini ndani. Tone lililodondoka nyuma ya maabara kabla hajajua kutembea lilikuwa limelala salama upande mwingine wa dunia, na sasa lilikuwa kiganjani mwa mzee, chumba kikiwa hakina umeme hata wa kuwasha feni.

"Sasa tazama," Fundi alisema, akagusa pembeni.

Orodha ilishuka. Majina. Wasichana wote thelathini na mmoja, kila mmoja na dakika zake. Huyu alichapa mwezi mzima Jumapili moja. Yule alikosea ishirini na tatu, akafuta, akaweka thelathini na mbili. Kiroboto aliliona jina lake la cheti, na sifuri zake, moja moja, kama nyayo. Juu kabisa palikuwa na mstari wa leo: saa nne na dakika kumi na nane, mabadiliko pote. Mbele yake, jina la Profesa.

Vichwa vyote vikageuka.

"Si mimi," Profesa alisema. "Mwalimu, haki ya Mungu si mimi. Nilikuwa nanyoosha kola."

"Linasema ni wewe," Fundi alisema, bila furaha.

Mwalimu alimgeukia msichana yule. "Nilikuamini," alisema. "Lakini aliyefanya hivi hawezi kusimama mbele ya mgeni akasema hizi ni mvua zetu."

Profesa alianza kulia, kimya kimya, kwa mpangilio, kama afanyavyo kila kitu. Kola ilikuwa imenyooka ajabu.

Na hapo Kiroboto aliona njia imefunguka mbele yake, pana na safi. Theluji ingeyeyuka. Mvua zingerudi. Orodha yenyewe imemtaja mtu, na orodha haina chuki na mtu. Alichotakiwa kufanya ni kusimama pale na kiti chake mikononi. Akaiona barua ya mwisho. Akamwona mama yake akija mara ya pili, na kalamu, na kile kimya chake.

Akaweka kiti chini.

"Inasema jina," alisema. "Haisemi mkono. Mkono ni wangu, mwalimu. Profesa aliacha pamefunguka, mimi nikaingia. Nilitaka siku moja tu. Nikabonyeza pote."

Profesa alisahau kulia. "Wewe? Yaani wewe, Kiroboto?"

"Mkate ukiwa mdomoni," Kiroboto alisema, maana alitaka ushahidi uwe kamili. "Makombo yapo kwenye namba tatu, mnaweza kuangalia."

Fundi alikwenda, akapitisha kidole kwenye kioo, akakiinua. Makombo.

Mwalimu Milimita hakumfokea. Alimuuliza swali moja. "Kwa nini sifuri?"

"Kwa sababu nilidhani hazina kitu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo alichokitarajia. Kisha akamgeukia Fundi. "Rudisha."

"Bonyeza mwenyewe, mwalimu. Hapo."

Kidole cha mwalimu, kilichozoea kioo cha kipimo, kilishuka juu ya kioo cha simu. Kikagusa. Duara dogo lilizunguka mara moja, mara mbili. Na siku zikaanza kurudi. Theluji iliondoka juu hadi chini, mwaka baada ya mwaka, na chini yake zilikuwepo zote, elfu kumi na moja na zaidi, nyingi zake zikiwa sifuri nukta sifuri, kila moja na asubuhi yake, uwanja wake, na mzee mmoja akiinama. Kiroboto alipaona pa kwake: tarehe tisa, mwezi wa nne, 61.4, sawasawa na ubaoni.

"Chumvi haikuongezwa," alinong'ona, na hakuna aliyemwelewa.

Mgeni alifika saa tisa, umeme haukuwa umerudi, akaonyeshwa mvua zote kwenye simu iliyopasuka. Profesa alieleza na macho yake mekundu, bila kukosea hata tarakimu. Mgeni aliuliza ni nani alikwenda kupima siku ya sikukuu, siku ya msiba, siku za homa. "Mimi," mwalimu alisema, "na mke wangu." Mgeni alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Kisha akamuuliza Profesa kama ameshajaza fomu za chuo.

Kuhusu barua ya mwisho, Mwalimu Milimita alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, wakazungumza saa nzima, mlango umefungwa. Alipotoka, alimkuta Kiroboto amekalia sanduku lake, limeshafungwa kamba.

"Fungua hilo," alimwambia. "Nyumbani huendi. Mimi naondoka mwisho wa mwezi, na kopo haliondoki. Mpaka umalize shule, saa tatu kamili ni yako. Jua, mvua, mtihani wa hesabu, yako."

"Na Jumapili?"

"Uliwahi kusikia Jumapili mvua inapumzika?"

Namba saba ikarudishiwa wanafunzi. Mwalimu alikikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni.

Kesho yake, saa tatu kamili, Kiroboto aliacha sentensi katikati, akakata uwanja. Jua lilikuwa linawaka la kupasua mawe. Aliinama, akatoa chupa, akaigeuza juu ya kipimo, akangoja. Akakiinua mbele ya jicho, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaenda chumba cha kompyuta, akaingia kwa jina lake mwenyewe, akaandika 0.0.

Pembeni, mstari mpya ulijitokeza. Jina lake. Saa tatu na dakika kumi na moja. Akakaa akiutazama mpaka kengele ikalia na Fundi akaifikia swichi, na vioo vilipoingia giza, Kiroboto alibaki ametulia kwenye kiti, kwa sababu sasa alijua kuwa mstari ule bado upo.